Tulipokwenda Lilongwe Kutafuta Macho ya Koko

Wamama wenzangu, tangu turudi kila anayepita mbele ya cherehani yangu anasimama na kuuliza, "Feza, ilikuwaje huko?" Nikianza kumweleza mmoja anafika wa pili, inabidi nirudie mwanzo, na nguo za watu zinalala. Kwa hiyo nimeandika. Mama Riziki atawasomea Alhamisi baada ya maombi. Habari za karatasi za ruhusa ya kutoka kambini nimeziruka, kwa sababu hakuna kati yenu asiyezijua.

Kwa wale waliofika hapa kambini Dzaleka juzijuzi: Koko ni mama mkwe wangu, mama wa marehemu mume wangu Etienne. Watoto wote wa upande wetu wanamwita Koko, yaani bibi, na watu wazima wakafuata. Mimi namwita Mama. Nilipoolewa kwao kule Fizi, Congo, macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, akaniona kama kivuli kinachobeba ndoo. Vita ilipotufikia, hata hicho kivuli hakukiona tena. Ugonjwa wenyewe ni mtoto wa jicho, na daktari wa macho aliyepita kambini alisema unaweza kuondolewa Lilongwe.

Mpaka barabara kubwa

Tuliondoka asubuhi kwa kabaza mbili, zile baiskeli za kubeba abiria. Mnajua mimi na baiskeli tunaelewana. Koko hakutaka kupanda. Kijana wa kabaza alimshika mikono akaiweka kiunoni mwake ili asianguke, Koko akaivuta kama aliyegusa chungu cha moto.

"Mi sishikake mwanaume mwenye sijui jina yake," alisema.

Nikamuuliza kijana jina lake. Akacheka, akasema anaitwa Madalitso. Nikamweleza Koko kwamba kwa Kichewa maana yake ni baraka. Koko akafikiri kidogo, akarudisha mikono yote miwili na kumkumbatia yule kijana hadi pumzi zikamwishia.

"Baraka? Basi hii nitashika nguvu, siiachilie."

Njia nzima alikuwa akimwombea. Kijana hakuelewa neno hata moja, lakini kila Koko alipovuta pumzi alijibu "Ameni, agogo," yaani bibi. Nilikuwa nyuma yao kwenye baiskeli yangu, nikasema moyoni, Bwana, mimi nimeamka na woga wa kila kitu, na huyu haoni hata shimo lililo mbele yake, anaomba tu.

Kwenye barabara kubwa tulikaa sana. Magari yalipita yamejaa. Jua lilipanda mpaka kivuli changu kikaingia chini ya miguu. Koko alikaa juu ya furushi letu na kitenge chake cha kanisani, ameinua uso kama anayesubiri kupigwa picha. Mwishowe lori lililotoka Madisi na magunia ya karanga likasimama.

Juu ya magunia

Dereva alitoa kichwa dirishani akauliza, "Kodi mukupita kuti, amayi?"

Koko akashtuka. "Feza! Hatuyapanda hata, tayari anaomba kodi?"

"Hapana, Mama. Kwa Kichewa ukitaka kuuliza kitu unaanza na 'kodi'. Anauliza tunaenda wapi."

"Na kama anataka kodi kweli, atasema nini?"

Tulipandishwa juu ya magunia kati ya abiria wengine, na Koko alitulia pale kama chifu, akitoboa gunia kwa kidole taratibu mpaka nikaukamata mkono wake. Alisema alikuwa anataka tu kujua kama karanga za Malawi zinafanana na zetu. Zilikuwa zimeshafika mdomoni.

Tulipopita Lumbadzi kidogo tairi ilipasuka. Lori likayumba, tukashuka wote, na dereva akagundua kwamba tairi ya akiba nayo haina upepo. Msaidizi wake akaibeba kurudi Lumbadzi kwa miguu. Mimi nilianza kuhesabu moyoni: tukikosa daktari leo, tutalala wapi, mchungaji wa Lilongwe aliyeahidi kutupokea atakuwa amechoka kutusubiri. Wenyeji wa pale walikuwa wanalima. Mama mmoja aliacha jembe akaja na beseni la viazi vitamu vya kuchemsha, akatuwekea katikati bila kuuliza sisi ni nani. "Mbatata," alisema, akatuonyesha tule.

Koko akasema tusiguse kabla ya kushukuru. Akaanza. Mnajua maombi ya Koko. Alimshukuru Mungu kwa viazi, kwa mama wa viazi, kwa shamba lake, kwa mvua iliyonyesha na itakayonyesha, kwa gari hata kama imekufa, kwa dereva, kwa wazazi wa dereva. Nilifungua jicho moja. Abiria wote walikuwa wameinamisha vichwa, na dereva alikuwa amesimama na spana mkono mmoja na kofia mkono wa pili, hajitikisi. Hakuna hata mmoja aliyejua Kiswahili. Jina la Yesu lilipotajwa mwishoni wote wakaitikia Amina kwa nguvu, na mama wa viazi akafuta machozi. Viazi vilikuwa vimepoa lakini sijawahi kula vitamu kama vile.

Hospitali

Tairi iliporudi tukaendelea, tukafika hospitali wakati wauguzi wanafunga milango. Muuguzi alitutazama kwa huruma, akasema, "Pepani. Mubwere mawa."

"Mawe?" Koko aliuliza. "Mawe ya nini?"

"Mawa, Mama. Ni kesho. Turudi kesho."

Tukamtafuta mchungaji aliyeahidi kutupokea. Mlinzi wa kanisa lake akatuambia ameitwa kwenye msiba Madisi, kule kule lori letu lilikotoka. Labda tulipishana njiani. Tukarudi hospitali, na banda la wanaouguza wagonjwa lilikuwa limejaa hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Nikamkalisha Koko kwenye ngazi. Nilitaka kulia, lakini nani angemshika mkono kama mimi ningekaa nalia?

Hapo getini kulikuwa na mwanamke anayeuza mandazi, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, umri kama wangu. Alikuwa ametusikia tukiongea. Alifunika beseni lake, akaja.

"Poreni, ba mama. Mumekosa pa kurara?"

Mkono wa Koko ukanishika mpaka kucha zikaingia.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wengi hamlijui. Siku askari walipoingia kijijini kwetu, Etienne alimbeba mama yake mgongoni hadi kwenye shamba la mihogo, akamlaza chini, akamwambia asitikisike. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia ziwani na majirani. Etienne aligeuka kunitafuta, na hakufika mbali. Koko akiwa pale kati ya mihogo hakuona kitu. Alisikia tu. Alisikia walivyokuwa wakizungumza, namna wanavyoitamka lugha yetu kwa ulimi wa Kinyarwanda, kama huyu wa mandazi, na alisikia mwanawe akijibu, kisha hakumsikia tena. Ndiyo sababu hapa kambini sikuwahi kumpitisha sokoni upande wa Wanyarwanda, na ninyi mlidhani ninaringa.

"Huyu ni nani?" Koko aliniuliza.

"Ni mama mmoja, anauza mandazi. Anaitwa..."

"Vestine," alisema yule mwanamke.

"Sijauliza jina. Nimeuliza ni nani."

Vestine alielewa. Niliona usoni mwake kwamba si mara ya kwanza. Hakukasirika wala hakuondoka. Aliniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba anaishi mtaa wa Area 23, ana chumba kimoja na mkeka wa pili, na kwamba Mungu hapendi mzee alale kwenye ngazi. Nikamwambia Koko, "Mama, ni kwake ao ni hapa kwenye sementi." Nilisema kwa ukali kidogo, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Koko aliinuka. Njia nzima alitembea upande wangu, mbali na Vestine.

Area 23

Chumba cha Vestine kilikuwa safi, kimefagiliwa hadi nje. Alitupa maji ya moto ya kuoga, akamwekea Koko kiti pekee alichokuwa nacho, akaingia kupika. Baada ya muda harufu ikatujia, na moyo wangu ukaruka. Sombe! Alikuwa ametwanga majani ya mihogo, akaweka mawese kidogo na usipa, wale samaki wadogo wa ziwa la huku. Tangu tutoke Fizi sikuwa nimesikia harufu ya nyumbani namna ile. Nilimwona Koko naye pua imemcheza.

Vestine akaleta chakula, akapiga magoti mbele ya Koko kumnawisha mikono. Koko akaificha mikono ndani ya kitenge.

"Mi niko na funga," alisema.

Uongo mtupu! Karanga za dereva zilikuwa bado kwenye meno. Nikafungua mdomo kusema, lakini Vestine alinitangulia.

"Ni vizuri, mama. Basi na mi nitafunga pamoja na weye."

Akafunika sahani yake. Nikabaki mimi, sombe ya watu watatu mbele yangu, watu wawili wa imani wamefunga, mmoja kwa hasira, mmoja kwa upole, na mimi njaa inaniuma. Nilikula. Wamama, nisamehewe, nilikula na nikaongeza.

Kabla ya kulala Vestine alimwomba Koko, kwa kuwa ndiye mkubwa, atuongoze katika sala. Koko akaanza ile Sala ya Bwana ambayo tunaisema kila siku hapa. Ilikwenda vizuri mpaka mkate wa kila siku. Ilipofika pale pa kusamehe, akakohoa. Kikohozi kirefu. Kisha akaendelea na yanayofuata, pale pa kusamehe pakabaki nyuma yetu kama mgonjwa aliyeachwa barabarani.

Uji

Kesho yake Vestine alitusindikiza. Muuguzi alimpima Koko, akakunja uso, akauliza, "Kodi mwadya, agogo?"

"Tena kodi!" alisema Koko, lakini sauti ilikuwa dhaifu.

Muuguzi alikuwa anauliza kama amekula. Nilipoeleza kwamba hajala tangu jana mchana, akasema hawawezi kumpasua mtu anayetetemeka hivi. Ale, apumzike, arudi mchana. Na kama hatakula, safari imeishia hapo. Nikatoka nje na Koko. Nilimwambia, "Mama, watu wa kanisa wamefunga na kuomba wiki nzima kwa ajili ya macho haya. Weye unafunga kwa ajili ya nini?"

Alikaa chini, akanigeuzia mgongo.

Vestine alikuwa amekaa kivulini na chupa ya uji aliyoubeba kutoka nyumbani. Alikuja akakaa upande wa pili wa Koko. Hakumsihi. Alianza tu kusema, kama mtu anayejisemea.

"Mi pia nilikuwa na mama. Tulikimbia wote, tukaingia Congo. Vita ikatukuta kambini kule, tukaingia msituni, tukatembea. Miguu yake ikavimba. Nikamubeba mpaka nikashindwa. Siku moja akaniambia nimukarishe pembeni ya njia, chini ya muti, nimupe maji, niende. Nikamupa maji. Nikaenda."

Watu walikuwa wanapita na mabeseni, mtoto analia mahali fulani ndani. Koko alikuwa amegeuza sikio.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.

"Melaniya."

"Alikuwa ameshazeeka?"

"Kama weye, mama. Tangu pale, nikiona mama muzee amekaa peke yake pembeni ya njia, siwezi kupita."

Koko akanyoosha mkono hewani, upande wenye ile sauti, kiganja juu.

"Leta hiyo uji."

Vestine akamimina kwenye kikombe, akakiweka mkononi mwake. Koko akanywa funda moja, akakishusha kikombe. Nilidhani ameshindwa. Akasema, "Na weye je? Umekula? Ulifunga tangu jana juu yangu."

"Sijakula, mama."

"Kunywa. Mi sinywake peke yangu."

Wakanywa kikombe kimoja kwa zamu, huyu funda, huyu funda. Nimeshiriki meza ya Bwana mara nyingi, hapa na kule nyumbani, na sitaki kusema neno lisilofaa. Nasema tu kwamba nilivua viatu vyangu bila kujua nimevivua.

Kitambaa

Mchana walimwingiza ndani. Walimpasua jicho moja, la kulia, wakalifunika kwa kitambaa. La kushoto wamesema turudi baada ya mavuno. Alilazwa, nami nikalala chini ya kitanda chake. Asubuhi muuguzi alisema kitambaa kitafunguliwa daktari atakapopita, na kwamba daktari huchelewa. Vestine alifika na uji mwingine. Nikaona nina nafasi ya kwenda bombani kufua nguo za Koko.

Daktari hakuchelewa.

Niliporudi na ndoo, nilisimama mlangoni. Daktari alikuwa ameshahamia kitanda kingine. Koko alikuwa amekaa wima, jicho limefunguka, linatoa machozi, na mikono yake miwili ilikuwa imeushika uso wa Vestine kama mtu anayeshika kibuyu cha maziwa.

"Kumbe njo weye," alikuwa anasema. "Mwana wangu. Kumbe uko muzuri hivi. Etienne hakunidanganya. Miaka yote unanipikia, unanivika, na mi sijue sura yako."

Alidhani ni mimi. Vestine alikuwa analia, hawezi kusema. Nami sikusema. Niliona uso wa Vestine ndani ya ile mikono, uso wa mtu ambaye kwa muda mrefu hakuna mama aliyemshika, nikashindwa kumnyang'anya.

Ni yeye mwenyewe aliyesema. "Mama, mi si Feza. Feza iko nyuma, pa murango. Mi ni Vestine."

Mikono ya Koko ilishuka kwenye shuka. Alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, ile namna ya mtoto mchanga anavyotazama, bila haya. Muuguzi naye akasimama, bila kujua kuna nini. Ndipo Koko akasema, polepole:

"Ile siku mi sikuona sura ya mutu. Nilisikia sauti tu. Njo maana nilikuwa nawaza bote biko na sura moja." Akainua mikono, akaurudisha uso wa Vestine palepale ulipokuwa. "Kumbe weye uko na sura yako."

Baadaye kidogo akanikumbuka. Nikasogea na ndoo yangu. Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akatikisa kichwa.

"Feza, mbona umekonda hivi? Unakulaka kweli? Sombe ya juzi ilienda wapi?"

Chilinde, na kurudi

Siku ya kuruhusiwa nilitaka uzi na vifungo, Vestine akatupeleka soko la Chilinde. Lilikuwa kosa. Koko alisimama kwenye kila meza. Nyanya aliziomba ruhusa kuzitazama kwanza, kisha kuzishika, kisha kuzinusa. Alimsimamisha mtu asiyemjua kwa sababu ya rangi ya shati lake. Kwenye meza ya usipa alichutama, akawaangalia wale samaki wakavu mmoja mmoja, akatangaza kwamba hao si ndakala, wale dagaa wa Tanganyika, lakini ni dada zao, mama mmoja baba mbalimbali. Muuzaji, ambaye hakuelewa, alimwongezea konzi moja bure. "Zikomo," alisema Koko. Ni asante, Kichewa chake cha kwanza.

Vestine alitusindikiza mpaka gari. Nilitafuta maneno ya kumshukuru, nikakosa. Koko hakukosa. Alimwambia, "Mavuno ikiisha tunarudi kwa hili jicho lingine. Utatwanga sombe. Na hapana kuniletea habari ya kufunga." Vestine akacheka mpaka akajifunika uso na kitenge.

Njia ya kurudi haikuwa na tairi iliyopasuka wala viazi, kwa hiyo sina la kueleza, ila kwamba Koko hakukubali kukaa ndani upande wa kivuli. Alitaka dirisha. Aliuliza kila mlima jina lake na mimi sikujua hata mmoja.

Tulishuka, tukaja kwa miguu hatua ya mwisho kwa sababu alitaka kuona. Pale juu njia inapoinama, Dzaleka yote ikawa mbele yetu. Mnajua inavyoonekana ukitokea kule: vumbi jekundu, nyumba za udongo zimebanana, nyasi na plastiki juu ya mapaa, majengo yale ya zamani yaliyokuwa gereza, foleni ya ndoo bombani. Koko alisimama. Kumbukeni aliingia hapa akiwa kipofu, hakuwahi kupaona.

"Njo hapa tunaishi?" aliuliza.

"Njo hapa, Mama."

Nilimwona anatafuta kwa lile jicho moja, huku na huku, kama mtu aliyeambiwa kuna mto na haoni mto. Niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyeijenga. Wakati ule upepo ukatuletea sauti zenu. Mlikuwa mnafanya mazoezi ya kwaya ya Jumapili.

Koko akageuka kunitazama.

"Na hizi nyimbo zote," alisema, "miaka hii yote, banaimbaka... *hapa*?"

"Hapa hapa, Mama."

Alikaza kitenge chake. Alinipita, akatangulia, akishuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona, bila kushika mkono wa mtu.

"Nipeleke niwaone," alisema.

Ndiyo sababu, wamama, siku ile mlimwona anaingia kanisani na vumbi la safari, hajapita hata nyumbani kuweka furushi, akasimama katikati ya wimbo wenu na kuanza kuwatazama mmoja mmoja, kutoka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, analia na kucheka, mpaka mkanyamaza na kuniuliza mimi kwa macho kama Koko amechanganyikiwa.